Hina nyeusi: Urembo wa siku chache, mzio wa maisha

NI vigumu kufikiria harusi mjini Garissa bila hina. Kuanzia mtaa wa Iftin hadi Madogo, ng'ambo ya mto Tana, bi harusi huketi kwa saa kadhaa huku mikono na miguu yake ikichorwa maua. Wasomali huiita xinna au cillaan. Wazee nao huipaka kwenye ndevu zikawa na rangi ya machungwa, na wasichana wadogo hupakwa sikukuu ya Idi inapokaribia.

Hina yenyewe mara chache sana huidhuru ngozi. Tatizo limeingia kupitia mlango mwingine. Wateja siku hizi wanataka maua meusi tititi, tena yatokee upesi. Ili kuwaridhisha, baadhi ya wapambaji huchanganya hina na unga mweusi wa kupaka nywele, ule unaouzwa madukani katika vipakiti au vichupa vidogo. Wengine huacha hina kabisa na kuchora kwa unga huo peke yake. Huko Mombasa, Lamu na Zanzibar urembo huu hujulikana kwa jina la piko.

Unga huo ndio unaowaletea watu malengelenge, makovu na mzio, au aleji kama wengi tunavyoiita. Na mzio huu ukishaingia mwilini, hauondoki.

Je, kuna nini ndani ya unga huo?

Hina ya asili ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa. Ndani yake mna rangi iitwayo losoni, ambayo hushikamana na ngozi polepole. Mtu akikaa nayo kwa saa kadhaa na kuibandua, ngozi huwa ya rangi ya machungwa. Baada ya siku moja au mbili huiva ikawa nyekundu iliyokolea au ya kahawia. Hakuna mhina unaotoa rangi nyeusi kama wino.

Weusi huo hutokana na kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo madaktari huifupisha kuwa PPD. Imetumika katika rangi za nywele tangu mwishoni mwa karne ya 19, na hadi leo imo katika rangi nyingi nyeusi za nywele kote duniani. Viwanda vinaipenda kwa sababu huupenya unywele, haitoki kwa kuoshwa, na weusi wake unafanana na ule wa asili.

Lakini nywele si ngozi. Rangi ya nywele hukaa kichwani kwa muda mfupi, kisha huoshwa. Katika nchi za Muungano wa Ulaya, sheria hairuhusu PPD kuzidi asilimia 2 katika rangi iliyokwisha kuchanganywa tayari kwa kupakwa nywele, na hairuhusu ipakwe ngozini kwa ajili ya urembo. Nchini Marekani pia, kuipaka ngozini hakuruhusiwi.

Sasa linganisha na yale yanayofanyika katika upambaji. Mpambaji hukadiria unga kwa macho tu. Uchunguzi wa hina nyeusi uliofanywa katika Muungano wa Falme za Kiarabu na kuchapishwa mwaka 2010 uligundua kwamba kiasi cha PPD kilikuwa kati ya asilimia 0.4 na asilimia 29.5. Mchanganyiko kama huo huachwa juu ya ngozi mpaka ukauke.

Mwili hukumbuka

Wengi walioathirika hushangaa na kuuliza: "Mbona nilipaka mwaka jana na sikupata neno?" Jibu ni kwamba mzio wa aina hii huhitaji muda wa kujifunza.

Kemikali inapoingia ngozini kwa mara ya kwanza, chembechembe za kinga huichunguza na kuitambua kama adui. Kazi hiyo huchukua siku saba hadi kumi na nne hivi, na huenda mwenyewe asihisi chochote. Chembechembe hizo hubaki mwilini zikiwa na kumbukumbu, mfano wa askari aliyeonyeshwa picha ya mwizi. Siku PPD itakaporudi, iwe ni baada ya mwezi mmoja au miaka kumi, askari hao huivamia. Vita vyao ndivyo vinavyoiunguza ngozi.

Chukua mfano wa msichana aliyechorwa piko kwenye harusi ya dada yake akiwa na umri wa miaka kumi na minne. Baada ya wiki moja na nusu, maua yalipoanza kufifia, palikuwa na vipele vidogo na mwasho. Mama yake alidhani ni joto la Garissa, akampaka mafuta, na jambo likasahaulika. Miaka minane baadaye msichana huyo ni bi harusi. Anapambwa jioni mbili kabla ya sherehe. Siku ya harusi yenyewe mikono imevimba, na kila ua lililochorwa limeinuka likawa mstari wa malengelenge yanayotoa maji.

Mfano huu si wa mtu mmoja. Ndivyo mzio huu unavyokwenda, na madaktari wa ngozi huutambua kwa kuuangalia tu, kwa sababu kidonda hufuata mchoro kama kimepigwa muhuri.

Kisa kama hicho kinaweza kumpata mzee wa miaka hamsini ambaye hajawahi kuguswa na piko maishani. Yeye amekuwa akizipaka ndevu zake rangi nyeusi kila mwezi bila shida. Mwezi mmoja kidevu kinaanza kumwasha. Mwezi unaofuata uso umevimba na macho yamefumba. Kutumia kitu kwa muda mrefu bila madhara si hakikisho kwamba mwili utaendelea kukivumilia.

Dalili zake

Kwa mtu ambaye mwili wake umekwisha kuijua PPD, dalili kwa kawaida hutokea kati ya siku moja na tatu baada ya kupakwa:

• Mwasho mkali, na hisia kama ya kuungua mahali palipochorwa.

• Ngozi kuwa nyekundu au nyeusi zaidi, kuvimba na kuinuka.

• Malengelenge yanayopasuka na kutoa majimaji, kisha kufanya magaga.

• Ikiwa ni rangi ya nywele, upele na majimaji kwenye utosi, nyuma ya masikio na shingoni, na uvimbe wa kope na uso.

Mara chache upele husambaa hadi sehemu za mwili ambazo hazikupakwa chochote.

Kidonda kikipona, alama huweza kubaki. Kwa watu wenye ngozi nyeusi kama sisi, mahali pale aghalabu huwa peusi zaidi au hupauka, na rangi ya kawaida huchukua miezi mingi kurudi. Wengine hupata makovu yaliyovimba ambayo hayaondoki. Msichana aliyetaka urembo wa siku chache hubaki na ua lile lile mkononi, safari hii limechorwa kwa kovu.

Ufanye nini ukiathirika

Jambo la kwanza ni kuiosha rangi iliyobaki kwa maji mengi na sabuni isiyo kali. Usisugue kwa jiwe wala brashi ukidhani utauondoa weusi. Weusi umekwisha kuingia, na kusugua kutaiongezea ngozi majeraha.

Weka kitambaa safi kilicholowa maji baridi mahali panapowasha, dakika chache chache. Usipasue malengelenge. Usipake dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa, wala ndimu. Vitu hivi huiunguza ngozi iliyokwisha kuungua na kufungua njia kwa viini.

Nenda kituo cha afya mapema. Daktari au afisa wa kliniki anaweza kukupa krimu ya steroidi ya nguvu inayofaa, na ikiwa uvimbe ni mkubwa, vidonge vya steroidi kwa siku kadhaa. Vidonge vya kupunguza mwasho, kama piriton, humsaidia mtu kulala lakini haviuzimi mzio huu. Dawa za kuua viini hutolewa tu ikiwa kidonda kimeingia uchafu na kutoa usaha.

Hapa pana onyo. Krimu za steroidi huuzwa kiholela madukani na hata kando ya barabara, na wengine huzitumia kujichubua. Krimu kali ikipakwa usoni kwa wiki nyingi huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuleta chunusi na michirizi. Itumie kwa siku ulizoambiwa, basi.

Kimbilia hospitali bila kungoja asubuhi ikiwa uso, midomo au ulimi unavimba, sauti inabadilika, au kupumua kunakuwa kazi. Hali hiyo haitokei mara nyingi lakini inaweza kuua.

Kuishi nao

Hakuna dawa ya kuufuta mzio huu katika kumbukumbu ya mwili. Mwathiriwa ataishi nao maisha yake yote, na tiba yake kubwa ni kuiepuka PPD. Hilo si gumu kama linavyosikika, ila ni lazima mtu ajue adui yake hujificha wapi.

Pa kwanza ni rangi za nywele. Msichana aliyeharibiwa mikono na piko akiwa mdogo hugundua akiwa mtu mzima kwamba hawezi kupaka mvi zake. Hatari hii inajulikana sana hivi kwamba katika Muungano wa Ulaya pakiti za rangi za nywele hulazimika kuandikwa onyo kuwa michoro ya hina nyeusi huongeza uwezekano wa mtu kupata mzio, na kwamba rangi hizo hazikusudiwi watu wa chini ya miaka 16. Soma maandishi ya pakiti. PPD huandikwa kwa majina tofauti, lakini ukiona neno lenye "phenylenediamine", irudishe dukani. Rangi zilizoandikwa kuwa hazina PPD si salama kwa wote, kwani nyingi zina kemikali ya jamii moja nayo ambayo huamsha mzio ule ule. Pakiti iliyoandikwa "hina nyeusi ya asili" nayo isikudanganye.

Pa pili ni nguo. Baadhi ya rangi za kutilia nguo nzito za nailoni na poliesta, hasa nyeusi na buluu iliyoiva, zina uhusiano na PPD. Si kila mwenye mzio atadhurika nazo, lakini anayewashwa kwapani, shingoni na mapajani kila avaapo buibui au hijabu mpya nyeusi ana sababu ya kushuku. Hana haja ya kuacha vazi lake. Alifue mara kadhaa kabla ya kulivaa, avae nguo nyepesi ya pamba ya rangi hafifu ndani yake, au achague kitambaa cha rangi isiyokolea. Katika joto la Garissa, jasho huitoa rangi kwenye nguo na kuipeleka ngozini, kwa hiyo hatua hizi zina faida hata kwa mtu mzima wa afya.

Pa tatu ni dawa. Kuna dawa za ganzi za kupaka, hasa zenye benzokaini, pamoja na baadhi ya krimu za salfa na za kukinga jua, ambazo kwa watu wengine huamsha mzio huo huo. Ndiyo sababu ni muhimu kumwambia daktari, daktari wa meno na mwenye duka la dawa: "Nina mzio wa PPD, ya rangi nyeusi ya nywele." Liandike neno hilo katika kitabu chako cha hospitali na katika simu yako. Mgonjwa anayesema tu "mimi nina aleji" hajamsaidia anayemtibu.

Pa nne ni mpira mweusi, kama ule wa mipini ya pikipiki na wa baadhi ya viatu. Kemikali za jamii hiyo huwekwa ili mpira usipasuke upesi. Hili huwapata wachache, lakini mwendesha bodaboda mwenye mzio ambaye viganja vyake havikauki vidonda aufikirie mpini wake.

Anayetaka uhakika anaweza kupimwa. Daktari wa ngozi hubandika vipande vyenye kiasi kidogo sana cha kemikali mbalimbali mgongoni kwa saa 48, kisha huangalia ngozi anapovitoa na tena baada ya siku mbili hivi. Kipimo hicho ni kazi ya mtaalamu. Mtu aliyewahi kupata malengelenge makali asijijaribu nyumbani kwa kupaka rangi kidogo nyuma ya sikio, kwani tone moja laweza kumrudisha hospitalini.

Na hina nyekundu je? Habari njema ni kwamba mwenye mzio wa PPD kwa kawaida anaweza kuendelea kupaka hina safi, kwa sababu losoni si PPD. Sharti ni kujua kwa hakika kwamba hina ile haikuchanganywa. Bi harusi hana haja ya kuiacha mila yake.

Watoto wasiguswe na unga mweusi

Ikiwa kuna shauri moja la kushika katika makala haya, ni hili: usimpake mtoto hina nyeusi. Mtoto aliyeupata mzio akiwa na miaka sita ana miaka mingi ya kuubeba, na hakuchagua mwenyewe.

Unga wenyewe nao ni sumu kali ukimezwa. Shingo na koo huvimba na kuziba njia ya hewa, misuli huharibika, mkojo huwa wa rangi ya chai iliyokolea, na figo huacha kufanya kazi. Mwaka 1992, madaktari wa Khartoum, Sudan, walichapisha taarifa ya watoto 31 waliodhurika na PPD na michanganyiko yake na hina. Kumi na watatu kati yao walifariki katika muda wa saa 24. Ukiwa na rangi hii nyumbani, iweke juu, mbali na mikono ya watoto, na usiihifadhi katika chupa ya soda. Mtoto akionja, mpeleke hospitali papo hapo pamoja na pakiti.

Kwa watoto wachanga, hata hina safi haifai. Wapo wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali iliyo ya kawaida katika sehemu zenye malaria. Kwa watoto hao hina huweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Mtoto hupauka, macho huwa manjano na mkojo huwa mweusi. Afadhali kungoja.

Neno kwa wapambaji

Mpambaji ndiye anayeugusa unga huu kila wiki, na yeye pia huathirika. Huanza kwa vidole kukauka na kupasuka, na huishia kwa mtu kuiacha kazi inayomlisha. Glavu za mpira mwembamba wa kawaida hazizuii PPD kwa muda mrefu. Zile za naitrili ni bora, nazo zitupwe baada ya kila mteja. Ulinzi ulio bora zaidi ni kutoutumia unga huo juu ya ngozi. Mpambaji anayejulikana mtaani kwamba hina yake ni safi hatakosa wateja.

Utaijuaje iliyochanganywa?

Huhitaji maabara. Tazama mambo haya kabla hujanyoosha mkono:

1. Rangi. Uji wa hina safi ni wa kijani au kahawia, na alama yake huanza na rangi ya machungwa. Uji mweusi unaoacha alama nyeusi si hina safi.

2. Muda. Hina safi hutaka saa kadhaa kukaa ngozini. Ukiambiwa "nusu saa tu, uoshe", uliza kuna nini ndani.

3. Harufu. Hina hunukia majani. Harufu kali ya dawa ya nywele ni dalili mbaya.

4. Pakiti. Mwambie mpambaji akuchanganyie mbele yako. Akileta uji uliokwisha kutayarishwa na akakasirika ukiuliza, beba mkoba wako.

Anayetaka rangi iliyoiva aache hina safi ikae usiku kucha, asiloweshe mikono kwa maji siku ya kwanza, na apambwe siku mbili kabla ya sherehe ili rangi ipate muda wa kuiva. Itakuwa ya kahawia iliyokolea, hasa viganjani na kwenye nyayo.

Mwisho, mama anayemwandaa binti yake amuulize swali moja kabla ya siku ya hina: je, umewahi kuwashwa baada ya kuchorwa piko au kupaka nywele rangi? Jibu likiwa ndiyo, hata kama ilikuwa kidogo na zamani, unga mweusi usimkaribie tena.